Keti Naye Mpaka Atulie
Somo: Ayubu 2:11–13

Rafiki watatu wa Ayubu waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, wala hakuna aliyemwambia neno. Mpaka hapo walikuwa wafariji wazuri. Mambo yaliharibika pale Elifazi, mmoja wao, alipofungua kinywa na kuanza kumtafutia mfiwa kosa.

Filamu ya Marekani Manchester by the Sea (2016), ya Kenneth Lonergan, inafaa kutazamwa na somo hili. Ni ya watu wazima, ina matusi mengi, na inachukua saa 2 na ziada. Lee ni mtunza majengo ya wapangaji, anayezibua vyoo na kurekebisha mabomba. Kaka yake anafariki kwa ugonjwa wa moyo na kumwachia kwa wosia mwanawe Patrick, mwenye miaka 16. Lee mwenyewe alishafiwa na watoto 3: usiku mmoja alitoka kwenda dukani bila kuweka kizuizi mbele ya meko, nyumba ikaungua. Polisi walipomwambia hana kosa la kushtakiwa, aliwanyang'anya bastola palepale kituoni ajiue.

Ni majira ya baridi, ardhi imeganda, kaburi halichimbiki, na maiti inasubiri kwenye jokofu. Patrick anaonekana hana neno: yuko mazoezini, yuko na bendi yake. Usiku mmoja anafungua friza, kuku walioganda wanaporomoka, na pumzi inamkata. Anajifungia chumbani. Lee anaupiga mlango teke, anaketi, anamwambia atakaa hapo mpaka atulie. Mahubiri hayapo. Simamisheni filamu hapo mjadili.

(Chakula cha mchana nyumbani kwa Mkristo mcha Mungu, mchumba wa mama yake Patrick, nacho kimo: adabu tupu, na kijana hapati faraja. Tusiiruke sehemu hiyo kwa kuwa inatuuma.)

Anayesubiri ushuhuda wa ushindi mwishoni hataupata. Lee anakiri kwamba hawezi kurudi kuishi mji ule; Patrick analelewa na rafiki wa familia, na Lee anatafuta nyumba yenye chumba cha ziada, kijana akija apate pa kulala. Yakobo naye, akimlilia mwanawe Yusufu, alikataa kutulizwa (Mwanzo 37:35), na sura ile haimkemei.

Sisi tunakosea wapi? "Kazi ya Mungu haina makosa" tunaisema kaburi likiwa bado bichi. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" ni maneno ya Ayubu mwenyewe. Hakuambiwa na mgeni. Kisha matanga yakianuliwa tunatawanyika wote, na hapo ndipo nyumba inapokuwa kimya.

Nendeni mwezi wa pili baada ya mazishi, wawili tu, bila sare wala mchango wa kutangazwa. Mtajeni marehemu kwa jina. Msiulize "umeshapoa?" Ulizeni karo, bima, kodi ya nyumba, kisha mshike kazi moja na kuimaliza. Nguo za marehemu msizikunje wala kuzigawa kabla mfiwa hajaomba. Wapo wanaohitaji mwaka mzima. Akisema anatamani kumfuata marehemu, asilale peke yake usiku huo, na asubuhi mpelekeni hospitali. Maombi yaendelee njiani.