Neno lenye miandiko miwili

Jana jioni mjukuu alikuja na kazi ya shule, mti wa ukoo: kila mtu na nchi yake. "Bibi, kwako niandike wapi?" Nikamwambia amuulize mama yake. Nikarudi jikoni kukoroga mtori uliokuwa umeshaiva.

Mwaka 2016 nilikwenda kumzika kaka. Ndege ilitua KIA usiku, nikapanga foleni ya wageni, nikalipa dola 50 za viza, nikaona nilale Moshi mjini nipande Kibosho asubuhi. Gesti ilikuwa karibu na stendi. Binti wa mapokezi alinipa shikamoo, akanisogezea daftari la wageni, lile kubwa la kupigwa mistari kwa rula: jina, kabila, uraia, unakotoka, unakokwenda.

Jina nikaandika. Kabila, Mchaga, kalamu haikusita. Kwenye uraia mkono ukagoma.

Mimi nimezaliwa mwaka wa Azimio la Arusha. Tumekimbia mchakamchaka alfajiri tukiimba nchi. Tabora nililala bweni moja na Wahaya, Wanyakyusa na Wamakonde, na tulifunzwa kwamba kabila ni la nyumbani, mbele za watu sisi ni Watanzania. Sasa daftari la gesti linaniambia kinyume: kabila ninalo, taifa sina. Uraia wa Kanada niliuchukua kwa ajili ya kazi, na sheria yetu ya 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Nilijua. Ila kulijua jambo hilo ukiwa Toronto si sawa na kuliandika kwa mkono wako ukiwa Moshi, umekuja kuzika.

"Mama, si uandike Mtanzania tu? Kwani wewe si wa hapa hapa?"

Pasipoti ilikuwa juu ya kaunta, mbele ya macho yake. Nikaandika "Mta". Nikakumbuka madaftari haya polisi huja kuyakagua, nikasimama. Kulikata sikuweza, kulimaliza sikuweza. Machozi ambayo sikuyatoa uwanja wa ndege yakanitoka pale, kwa herufi tatu.

Binti akachukua kalamu taratibu mkononi mwangu, akageuza daftari, akamalizia: "nzania". Kisha akanipa ufunguo. "Pole na safari, mama."

Sikumzuia.

Asubuhi hii nimekuta karatasi ya mjukuu mezani. Kila tawi limejazwa. Kwenye langu ameacha nafasi, na penseli ameilaza pembeni.