Sahani, bomba na maji ya chini: kumbukumbu ya mradi wangu Ziwa Kivu

Aprili. Sahani ya kupimia jinsi maji ya ziwa yalivyo angavu iko tayari. Ni bati la mviringo lenye upana wa sentimita 20, nimeligawa robo nne na kuzipaka nyeusi na nyeupe kwa zamu. Chini nimening'iniza nati nzito za lori, na kamba ina fundo la uzi mwekundu kila nusu mita. Unaishusha kando ya mtumbwi upande wa kivuli, unasoma kina inapopotea, unaivuta polepole, unasoma inapotokea tena, kisha unachukua wastani. Ndiyo sahani ya Secchi, padri Mwitalia mtafiti wa nyota aliyeijaribu Bahari ya Kati mwaka 1865.

Mzee mvuvi wa Kyeshero anayenipeleka aliitazama, akauliza: "Mtoto yangu, iyi sahani itavua samaki gani?"

Mei. Mvua kubwa, lakini sahani bado naiona ikipita mita tano. Goma hatuna mto wa kumwaga matope ziwani. Mvua inaanguka juu ya makoro, yaani mawe ya lava ya volkeno ya Nyiragongo, inazama, basi. Kwa hiyo huku kwetu sahani inapima zaidi mwani, yaani vijimea vidogo vya majini, kuliko udongo. Bukavu, ambako vilima huteremsha udongo mwekundu kila mvua, singeviamini vipimo vyangu hivi hivi.

Julai. Upepo wa kusini umeanza, na sahani inapotea mapema. Maji yamekuwa ya kijani. Mzee hakushangaa: kwake huu ni msimu wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, kushiba. Wakati wa kiangazi maji ya juu hupoa, upepo huyakoroga, na mbolea iliyokuwa imetulia chini hupanda hadi kwenye mwanga, mwani ukanawiri. Ila mkorogo huo hufika kama mita 60 tu, na ziwa lina kina cha mita 485. Hicho kilichobaki chini ndicho kilinitia hamu ya kutengeneza kifaa cha pili.

Agosti. Kifaa hicho ni cha kuchota maji ya kina. Watu wengi hupendekeza chupa yenye kizibo: unaishusha, unavuta uzi, kizibo kinatoka. Kwa kisima sawa. Kwa mita 70 siipendi, kwani kila mita 10 za maji huongeza presha karibu sawa na ile ya hewa yote iliyo juu yetu, na kizibo hukandamizwa mpaka uzi ukatike. Nimechukua bomba la plastiki lililo wazi pande zote mbili, na mipira miwili ya kuzibulia sinki iliyounganishwa kwa ndani na ukanda wa tyubu ya baiskeli. Inashuka ikiwa imevutwa nje, maji yanapita katikati bila kizuizi. Ukifika kina unachotaka, unaachilia kipande cha chuma kiteleze kwenye kamba, kinagonga ndoano, mipira inajifunga pwaa! Fundi wa baiskeli alinikatia ukanda na hakutaka hela, alitaka kujua matokeo.

Matokeo ni haya. Maji ya mita 30: hayana harufu. Ya mita 75: yai viza kabisa, mpaka mzee akageuza uso. Ni gesi ya salfa, na inapokuwepo, oksijeni imekwisha. Sambaza hawezi kuishi pale.

Sababu ya kutochanganyika ni uzito. Chini ya ziwa kuna chemchemi zinazoingiza maji ya chumvi yenye kabonidayoksaidi, mazito kuliko ya juu. Humo ndimo zilimofungiwa kilomita za ujazo kama 300 za gesi hiyo na kama 60 za methani, nyingi zikiwa chini ya mita 250. Kituo cha umeme cha KivuWatt, upande wa Rwanda, huvuta maji kutoka huko na kuzalisha megawati 26. Kamba yangu haifiki hata nusu ya njia, na sina haja ifike.

Septemba. Sasa natafuta kipimajoto. Katika Kivu, joto hupungua hadi karibu mita 80, halafu huanza kupanda tena, hadi nyuzi 26 hivi chini kabisa. Kipimajoto cha homa huanzia nyuzi 35, hakinifai. Cha tangi la samaki kingetosha, kikisoma sehemu za kumi za nyuzi, kwa sababu tofauti ninayoitafuta ni ndogo. Bomba nalo nitalivisha sponji ili maji yasipate joto yakiwa njiani kupanda. Mwenye kujua duka linalouza kipimajoto hicho, Goma au Gisenyi, aniambie bei.