Mikono ndani ya leso: namna kalongolongo ilivyowafundisha wanangu kazi

Nilirudi Nakuru Jumapili jioni kutoka Kakamega, matangani kwa shangazi yangu, nikakuta wanangu watatu wanashindia mkate na chai ya rangi. Baba yao anaendesha lori na wakati huo alikuwa Malaba kwenye foleni. Jirani alikuja kulala nao, lakini mchana walibaki wenyewe. Nyumbani mlikuwa na gorogoro mbili za unga, nusu gunia la makaa, mafuta na vitunguu, na nyuma ya nyumba sukuma wiki ilikuwa imestawi kwenye magunia hadi majani ya chini yanageuka manjano.

Kifungua mimba wangu alikuwa na miaka 12. Nilipomuuliza kwa nini hakupika, alinijibu kwa upole kabisa, "Mama, sijawahi kuwasha jiko."

Usiku huo nilipokuwa napanga vitabu vyake nikaona karatasi ya mtihani ambamo alikuwa ameandika hatua zote za kuwasha jiko la makaa, moja baada ya nyingine, na mwalimu amempa alama zote. Nilikaa na ile karatasi mkononi muda mrefu. Sikumkasirikia mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfukuza jikoni miaka yote: toka hapa utaungua, nenda kasome, lete nifanye mwenyewe tumalize. Nyanya yangu aliniweka mbele ya mafiga matatu nikiwa na miaka 7. Wangu nilikuwa nimewanyima kile nilichopewa mimi, na nilidhani ni mapenzi.

Asubuhi nikaandika orodha ya zamu nikaibandika ukutani. Nani ataosha vyombo, nani atateka maji, nani atafagia. Ilidumu siku tatu, na siku zote tatu zilikuwa za ugomvi. Kila kazi iliishia kwa mimi kupaza sauti, na mwishoni nikawa naifanya mwenyewe.

Siku ya nne nilikuwa naanika nguo nikawaona wakicheza kalongolongo, ule mchezo wa kuigiza mambo ya nyumbani, nyuma ya nyumba. Kitinda mimba, binti wa miaka 6, ndiye alikuwa mama. Alikuwa amepanga mawe matatu, ameinjika mkebe, anakatakata majani kwa kipande cha bati, na anawapigia kelele wenzake wamletee maji kwa sababu "wageni wamefika". Kaka yake, yule yule aliyenung'unikia ndoo moja asubuhi, alikwenda bombani mara tatu akiwa anakimbia. Walifagia "sebule" yao ya mchanga hadi ikang'aa. Hakuna aliyewaamuru.

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo limetulea sote tangu siku ile. Sikuhitaji kuwatoa mchezoni niwapeleke kazini. Nilihitaji kuuingiza moto wa kweli ndani ya kalongolongo.

Jumamosi iliyofuata nikawapa jiko, makaa, unga, sufuria na mwiko, nikawaambia kalongolongo ya leo ni ya kweli na chakula kitakachopikwa ndicho tutakachokula, wote, mimi nikiwemo. Nikajiwekea sharti. Nitaketi kwenye kigoda hatua tano kutoka kwao, mikono yangu imefungwa ndani ya leso, na sitasema neno isipokuwa nikiona damu au nguo inashika moto.

Jamani, kunyamaza ni kazi. Nilimwona kijana wangu akijaza makaa juu ya karatasi mpaka hewa haipiti, akachoma njiti kumi na moja za kiberiti, na moshi ukamtoa machozi. Ulimi wangu ulikuwa unawasha. Njiti ya kumi na mbili ndiyo iliyomfundisha. Akayamwaga makaa yote, akaanza upya kwa magunzi makavu ya mahindi chini, makaa machache juu, na akaugeuza mlango wa jiko uelekee upepo unakotoka. Nakuru mchana upepo haukosekani. Moto ukashika. Mpaka leo hajasahau, na hakufundishwa na mtu.

Ugali wenyewe ulikuwa mbichi katikati na una madonge. Tuliula. Nilitafuna taratibu nikamwambia mpishi ahsante, na sikuongeza neno. Jumamosi ya pili aliuacha motoni kwa muda zaidi. Ya nne ulikuwa ugali.

Kutoka hapo michezo ikazaana. Ule wa njiti tatu ndio wanaoupenda kuliko yote: kila mmoja anapewa njiti tatu za kiberiti na rundo la vijiti, na anayewasha kwa njiti chache zaidi ndiye mshindi. Mvua ikinyesha usiku, mchezo unanoga, kwa sababu lazima utafute kilichokauka chini ya paa au uchane kijiti ufikie moyo wake mkavu. Mafuta ya taa hayaruhusiwi. Na kuna sheria moja ambayo kwetu si ya mchezo na ninaisema kwa sauti yangu yote: jiko la makaa haliingii chumba kilichofungwa, hata kuwe na baridi ya namna gani, hata makaa yawe yamebaki mekundu tu bila moshi. Ile hewa yake ya sumu haina harufu, na aliyelala haamki.

Wiki ya sita binti yangu wa kati aliungua vidole viwili kwa mfuniko. Nilitoka kwenye kigoda. Lakini kabla sijafika, kaka yake alikuwa ameshamshika mkono anammiminia maji ya mtungi, kikombe baada ya kikombe, kwa sababu bomba siku hiyo lilikuwa kavu. Tulikuwa tumelifanyia mchezo hilo pia, mmoja anajifanya ameungua na wengine wanahesabu muda: dakika 20 za maji baridi yanayotiririka, hakuna dawa ya meno, hakuna unga, hakuna kupasua lengelenge. Alimimina dakika zote 20. Vidole vilipona bila kovu.

Jirani yangu, mama mwenye wajukuu wakubwa, aliona bandeji akaniita kando. "Mwanangu, hawa ni watoto. Moto si wa kuchezea." Nilimsikiliza kwa heshima maana ananipenda na watoto wangu anawapenda. Nikamwambia, "Shikamoo mama, ni kweli. Lakini siku ile ya matanga uliwakuta na njaa, na unga ulikuwepo." Alinyamaza kidogo. Wiki iliyofuata alinitumia mjukuu wake mmoja, na mkononi amebeba mwiko wake mwenyewe.

Sikufaulu kila mahali. Likizo moja niliwapeleka Hyrax Hill, kilima kile kilicho kando ya barabara ya Nairobi kilichopewa jina la pimbi, ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mwaka 1937. Pale kuna bao limechongwa kwenye mwamba, vishimo vyake vimepangana vizuri, na hakuna awezaye kukutajia mikono ya kwanza iliyocheza pale. Mimi nikaliona somo. Nikaanza: mnaona, watu wa kale walijua hesabu, sasa tuseme kila kete ni shilingi kumi, ukipanda kete nne umetumia ngapi? Nilipoinua macho, wawili walikuwa wameshakimbilia pimbi mawe ya juu, na wa tatu amebaki kwa adabu tu. Niliumia. Jioni, nyumbani, nikasikia ukimya wa ajabu nyuma ya nyumba. Walikuwa wamechimba safu mbili za vishimo vinane kwenye udongo, kama ajua aliyotuchezesha nyanya yao wa Kisumu, na wanacheza kwa mbegu za maharagwe. Walicheza mpaka giza likawazuia kuona kete. Kitinda mimba alikuwa amekwisha kujua kwamba ukikimbilia kuchota pale penye kete nyingi, unajivua nguo raundi inayofuata. Hilo ndilo nililotaka kuwaambia kuhusu fedha, na niliharibu nilipolisema.

Kwa hiyo soko tukalifanya kimya kimya. Wawili wawili, shilingi 300, sharti ni chakula cha jioni cha watu watano, na chenji itakayobaki inaingia kwenye mkebe wao. Mimi nilikuwa nasimama mbali, kwenye lango la soko la Top. Safari ya kwanza walirudi na maembe sita, nyanya zilizopondeka na shilingi 10. Hapakuwa na kitunguu. Tulikula ugali kwa maembe usiku huo. Safari ya tatu walikuwa wamejua kuzunguka meza zote kwanza kabla ya kutoa pesa, kushika nyanya kwa kiganja na si kwa kucha, na kumwachia mdogo azungumze, kwa sababu akina mama wa sokoni wakiamkiwa na mtoto wa miaka 6 kwa "shikamoo" hawachelewi kumtilia nyongeza ya dania.

Mchezo ninaoupenda mimi ni wa kivuli. Tulisimika fimbo ya urefu wa mita moja uani, mwezi wa Agosti, na kila saa tukaweka kijiwe ncha ya kivuli ilipofika. Walikuwa wakiwekeana njugu kubashiri kijiwe kijacho kitaangukia wapi. Saa sita na nusu kivuli kikawa kifupi kabisa, kama shubiri moja, kinaelekea upande wa ziwa. Fimbo tukaiacha. Desemba akaja mpwa wangu kutoka Kakamega, wakataka kumwonyesha, na kivuli cha saa sita kilikuwa kimegeuka: karibu shubiri mbili, kinaelekea mlima Menengai. Mpwa alishutumiwa kwamba ameisogeza fimbo. Wakabishana siku nzima. Ni yule binti wa kati aliyeketi akitazama juu ya paa la jirani, akasema, "Si fimbo. Ni jua limehama." Nakuru iko kusini kidogo tu ya ikweta, Juni na Agosti jua la mchana huwa kaskazini mwetu, Desemba huwa kusini. Nililijua hilo kutoka shule, lakini sikuwahi kuliona kwa macho yangu hadi mtoto aliponionyesha.

Kivuli kikatufungulia mji. Menengai iko kaskazini, ziwa liko kusini, na barabara kuu ya Nairobi imepita katikati. Tukawa tunatembea mitaa tusiyoijua, na mtoto mmoja ndiye kiongozi, sisi wengine ni vipofu wake. Sambamba na hilo, kamba ya kuruka: wimbo wao wa kurukia ni namba ya simu yangu, tarakimu moja kwa kila mruko, na ukikosea unatoka.

Mwaka uliofuata yule binti wa kati, sasa ana miaka 10, alikuwa anarudi kutoka mazoezi ya kwaya. Jioni hiyo barabara ilikuwa imefungamana, dereva wa matatu akakata kupitia mitaani, kisha akawashusha abiria wote mahali ambapo mtoto hakuwahi kufika. Kulikuwa kunaanza manyunyu. Alisimama, akatafuta Menengai, akaiona. Alijua yuko upande wa ziwa. Akaelekea mlimani hadi akaikuta barabara kuu, akaingia kwenye duka la mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni, akamwamkia, akaomba kupiga simu. Niliposikia namba ngeni inaita moyo ulinipasuka. Yeye sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Mama, niko barabara ya Nairobi, nimeshapajua. Nakuja au unakuja?"

Nilikwenda. Nilikimbia, kusema kweli.

Kijana sasa ana miaka 15. Juzi mvua ya Aprili ilikuwa imelowesha kila kitu, makaa yenyewe yamepata unyevu, na baba yao alikuwa amerudi safari ana njaa. Kijana alipiga magoti mbele ya jiko kibarazani, anapanga magunzi, na mimi nikaona ameyabana mno. Nikainuka, nikanyoosha mkono.

Hakugeuka hata. "Mama," akasema, "leso."

Nikaifunga upya, nikaketi.