Jon Tester: mkulima wa ngano aliyeingia Seneti ya Montana

Bunge la jimbo la Montana, Marekani, hukutana mara moja tu kila baada ya miaka miwili, katika miaka ya witiri. Linaanza Januari, na Katiba ya jimbo inaliwekea ukomo wa siku 90 za vikao. Kwa mkulima wa nafaka hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia. Januari ardhi imeganda na ngano iliyopandwa Septemba imelala chini ya theluji. Mwishoni mwa Aprili vikao vinafungwa, na ngano ya majira ya kuchipua inatakiwa iwe inaingia ardhini. Vikao vikichelewa wiki mbili, trekta linachelewa wiki mbili, na huko msimu ni mfupi.

Jon Tester aliingia Seneti, moja ya nyumba mbili za Bunge hilo, akitokea Big Sandy, mji wa watu mia kadhaa tu, kwenye ekari zipatazo 1,800 ambazo babu na bibi yake walianza kuzilima miaka ya 1910. Akiwa na miaka 9, mashine ya kusaga nyama kwenye bucha ya wazazi wake ilimkata vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Vali za tarumbeta hubonyezwa kwa mkono wa kulia, kwa hiyo tarumbeta aliipiga, akachukua shahada ya muziki mwaka 1978 na kufundisha shule ya msingi kabla ya kurudi shambani moja kwa moja.

Mwaka 1987 aligeukia kilimo hai. Watu hudhani ni kuacha dawa tu. Kanuni za sasa za Marekani zinataka ardhi ikae miezi 36 kabla ya mavuno bila kuguswa na kemikali zilizokatazwa. Muda wote huo gharama ni za kilimo hai ila bei sokoni ni ya kawaida. Hapo ndipo wengi wanapokatia tamaa. Naitrojeni, chakula kikuu cha mmea, inatoka kwenye njegere, adesi au alfalfa (majani ya malisho ya jamii ya kunde); nyingine hulimiwa ardhini zikiwa bado mbichi. Magugu huuawa kwa kulima juujuu kabla ya kupanda. Ukiwahi mno, mengine yanaota nyuma yako. Ukichelewa, yameshanywa unyevu ambao ngano ingeuhitaji, na sehemu hizo hazipati hata milimita 400 za mvua na theluji kwa mwaka. Dawa ya kurekebisha kosa haipo.

Siasa alianzia bodi ya shule ya Big Sandy, 1983 hadi 1992, na kwa maoni yangu ndiyo iliyomfundisha kusoma bajeti. Kilichompeleka Helena, makao makuu ya jimbo, ni kuipinga sheria ya 1997 iliyoondoa udhibiti wa bei ya umeme. Aligombea 1998, akashinda. Akawa mnadhimu wa chama chake cha Democratic, kisha kiongozi wa walio wachache, na mwaka 2005 Rais wa Seneti, Democrats wakiwa na viti 27 kati ya 50.

Mwaka huohuo alipeleka muswada wa nishati jadidifu, kama ya upepo na jua. Uzuri wake ni ngazi zake: kampuni za umeme zifikishe asilimia 5 ya umeme wao kutoka nishati hiyo mwaka 2008, 10 mwaka 2010, na 15 mwaka 2015. Lengo lisilo na tarehe halimbani mtu. Sheria hiyo ilidumu hadi 2021 ilipofutwa.

Montana hairuhusu seneta kukaa zaidi ya miaka 8 ndani ya 16, hivyo muda wake ulikuwa unaisha. Mwaka 2006 aligombea Seneti ya taifa na kumshinda Conrad Burns, seneta wa Republican aliyekuwa madarakani, kwa kura zisizofika 4,000. Huko aliacha alama kwenye sheria ya usalama wa chakula iliyosainiwa Januari 2011: shamba linalouza chini ya dola 500,000 kwa mwaka, tena sehemu kubwa kwa walaji wenyewe, au kwa maduka na migahawa ya jimboni au iliyo ndani ya maili 275, lilipewa masharti mepesi.

Ila Washington haina siku 90. Vikao ni mwaka mzima, kupanda na kuvuna vikiwa ndani yake, na kazi ya trekta ikabaki ya wikendi na likizo. Aliishi hivyo miaka 18, mpaka aliposhindwa na Tim Sheehy wa Republican Novemba 2024, mwezi ambao ngano ya Septemba huwa imeshaota.