Futi ya kushonea sokoni

Jumamosi, usiku.

Leo nimenunua tikiti la 5,000 na kuyaacha ya 3,000. Muuzaji akanitania, "Dada, hilo mtakula mpaka Jumatano." Nikacheka tu, maana futi ya kushonea nilikuwa nayo mkobani na hesabu nilishapiga.

Matikiti ya pale ni yale ya mviringo, karibu tufe kabisa. Huwezi kupima nusu kipenyo bila kulipasua, lakini mzingo unapimika: zungusha futi tumboni, gawa kwa 3.14, kisha gawa kwa mbili. Dogo lilikuwa sentimita 63, kubwa 78 na nusu. Kwa hiyo nusu kipenyo ni kama 10 kwa 12.5. Ukiyatazama mezani hayapishani sana.

Sasa ingiza kwenye kanuni ya ujazo wa tufe: 4/3 × pai × r × r × r, ambapo pai ni ile 3.14 na r ni nusu kipenyo. Dogo linatoa kama lita 4.2, kubwa lita 8.2. Karibu mara mbili, na bei haijafika mara mbili! Hiyo r inayojirudia mara tatu ndiyo inayotupiga chenga, kwa sababu jicho linalinganisha upana tu.

Na bado hatujatoa ganda. Tuseme unene wake ni sentimita 1.5 kwa yote mawili. Nusu kipenyo cha nyama kinabaki 8.5 na 11, yaani lita 2.6 dhidi ya 5.6. Kwenye lile dogo, karibu asilimia 39 ya unachobeba ni cha kumtupia mbuzi. Kwenye kubwa ni 32. Kwa kweli sioni sababu ya kununua dogo, labda kama unaishi peke yako na huna friji.

Ile 4/3 shuleni tuliikariri tu. Ilikuja kunikaa kichwani nilipokutana na habari za Archimedes, mwanahisabati Mgiriki wa kale wa mji wa Siracusa huko Sicilia, aliyefariki mwaka 212 KK. Alithibitisha kuwa tufe likiwekwa ndani ya mcheduara (umbo kama la kopo) unaolibana juu, chini na ubavuni, linachukua theluthi mbili ya ujazo wake. Mcheduara huo ni pai × r × r × 2r. Chukua theluthi mbili, unapata 4/3 yako. Aliupenda ugunduzi huu kuliko mingine, hata kaburi lake likawekewa tufe na mcheduara. Mwaka 75 KK Cicero, akiwa ofisa wa Roma huko Sicilia, alilitambua kwa alama hiyo likiwa limefunikwa na vichaka vya miiba. Wenyeji wenyewe walishalisahau.

Mdogo wangu kaniuliza, na yale matikiti marefu je? Hayo pia yanahesabika, ila r zinaachana: nusu ya urefu, mara nusu ya upana, mara nusu ya upana tena, ndipo uzidishe kwa 4/3 na pai. Kasema nimwachie futi Jumamosi ijayo.