Nilimjibu "Nipo tu"

Mwezi wa saba, katika baridi ile ya Uyole inayomfanya mtu aahirishe kuoga mpaka jua litoke, niliugua homa iliyonilaza kitandani siku nne. Mwenzangu alikuwa Mafinga, ambako anasimamia kazi ya kupasua mbao, na asubuhi ya siku ya pili aliniandikia ujumbe akiniuliza ninaendeleaje. Nikamjibu, "Nipo tu, namshukuru Mungu." Akaandika, "Sawa mpenzi, uwe na siku njema." Jioni shilingi elfu thelathini ziliingia kwenye simu yangu, zikifuatiwa na maneno mawili: "Ya mahitaji." Nililia, kisha nikamnunia kwa wiki tatu bila yeye kujua kosa lake.

Nimelifikiria sana jibu lile. Ndani ya "nipo tu" nilikuwa nimeficha mambo matatu: kwamba naumwa, kwamba naogopa kuumwa peke yangu katika chumba cha kupanga, na kwamba natamani kuisikia sauti yake. Yeye alisoma kile kilichoandikwa. Ninapaswa kukiri pia kwamba sikuficha kwa bahati mbaya, kwa sababu nilikuwa nampima. Nilitaka agundue mwenyewe, halafu ugunduzi wake uwe ushahidi wa mapenzi. Siku hizi tuna neno la kuhalalisha mtihani wa namna hii, tunasema mwanamume "ajiongeze". Neno hilo silidharau, kwa kuwa mtu anayeingia nyumbani akakuta ndoo ni tupu hana haja ya kuambiwa akachote maji. Lakini mtu aliye umbali wa zaidi ya kilomita 200, mwenye kipande kimoja tu cha ujumbe mkononi, ajiongeze kwa kutumia nini?

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo mnivumilie nikiligusa lile neno lake la pili. Katika nyumba zetu nyingi, anayesema "mahitaji yameisha" anazungumzia unga, mafuta ya kula, sabuni na gesi. Mtoto wa kiume hukua akilisikia neno hilo likitamkwa mbele ya baba, na baba akitia mkono mfukoni. Basi mwanamke akija kumwambia mtu huyo kwamba ana mahitaji, si ajabu kwamba anasikia bei. Mwenzangu hakunidharau kwa kutuma fedha. Alinijibu katika lugha pekee ya kujali aliyofundishwa, nami nikamhesabia kuwa ameniacha.

Upande wangu nilifundishwa kunyamaza. Bibi yangu aliolewa kule Tukuyu katika zama ambazo mke wa Kinyakyusa hakuruhusiwa kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake, hata akimwona njiani ilimpasa kukwepa na kupita migombani. Jambo la posa nalo huenda kwa mshenga, wala mhusika hajisemei. Ninaziheshimu taratibu hizo, na siku ya posa yangu nitamtaka mshenga mwenye ulimi mzuri. Kosa langu lilikuwa kuihamishia adabu ya ukweni kwa mtu ambaye ninataka kuishi naye, nikamfanya yeye pia kuwa mkwe wa kupishana naye migombani.

Baba yangu mdogo aliwahi kuwa mjumbe wa baraza la usuluhishi la ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanandoa wapitie baraza la aina hiyo kabla ya kupeleka ombi la talaka mahakamani, isipokuwa katika hali chache maalumu. Anasema kwamba swali lililowakwamisha wengi lilikuwa jepesi kuliko yote: "Hili ulilotueleza sisi, yeye uliwahi kumweleza?" Watu walikuwa wamebeba malalamiko ya miaka kumi, wameyafikisha kwa mama, kwa dada, kwa mchungaji na kwa majirani, na mtu wa mwisho kuyasikia akawa ndiye anayelalamikiwa, tena mbele ya wazee.

Mwishoni mwa mwezi wa nane tulikutana Iringa kwa ajili ya harusi ya rafiki yake, na siku iliyofuata tukapanda kwenye lile jiwe la Gangilonga, ambalo jina lake la Kihehe lina maana ya jiwe linalosema. (Najua, mwandishi mwenye aibu angechagua mahali pengine, lakini ndipo tulipokuwa.) Nilianza vibaya. Nilimwambia, "Wewe hunijali," naye papo hapo akaanza kunihesabia fedha alizonitumia tangu mwezi wa kwanza, na kwa hesabu hiyo alikuwa na haki ya kukasirika. Tukanyamaza kwa muda mrefu tukiutazama mji.

Nilipoanza upya nilijitahidi kusema jambo moja ambalo mtu anaweza kulifanya au kukataa kulifanya. Nilisema: "Mwezi wa saba niliumwa siku nne, na sikukuambia. Niliogopa. Nikiumwa tena nitakuambia kwamba naumwa, na ninakuomba unipigie simu jioni, hata kwa dakika tano, kabla ya kutuma chochote." Tofauti ya kauli hizo mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana. "Hunijali" ni hukumu juu ya moyo wake, na mtu aliyehukumiwa hujitetea. "Nipigie jioni" ni ombi, na ombi halina cha kujitetea nalo, linajibiwa tu. Aliuliza kama anaweza kupiga baada ya saa mbili usiku, kwa kuwa kule msituni mtandao ni wa kubahatisha mpaka arudi mjini. Nikakubali. Wiki tatu za kununa zilikuwa zimesimama juu ya jambo la kumalizwa kwa sentensi mbili.

Sikutegemea kwamba yeye pia angekuwa na la kwake. Alisema akiwa ameinamisha kichwa: "Zile elfu thelathini nilikopa." Miezi miwili mbao zilikuwa haziuziki vizuri, na kila aliponiandikia "ya mahitaji" alikuwa akiongeza deni kwa mtu wa pale kazini, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kubaki mwanamume mbele yangu. Alichohitaji kutoka kwangu ni ruhusa ya kusema "sina" bila kuonekana amepungua. Nilijisikia vibaya, maana mimi niliyelalamika kwamba hasomi moyo wangu sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja wa moyo wake, na fedha zile nilizipokea bila kuuliza zimetoka wapi.

Nisimpotoshe yeyote: ninaandika kuhusu watu wawili wasioogopana. Pale ambapo kusema unachohitaji kunajibiwa kwa kofi, tatizo si maneno yaliyochaguliwa, na sheria hiyohiyo ya 1971 inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake kwa kisingizio cha kumwadhibu. Aliye katika hali hiyo hana deni la kujieleza vizuri zaidi. Aende kwa ndugu anayemwamini au kwenye dawati la jinsia la polisi.

Kabla ya kushuka nilimwambia jambo ambalo kwa kweli ndilo lililokuwa chini ya mengine yote, na ambalo nililizunguka mwaka mzima kwa kulalamikia simu. Nilisema ninahitaji kujua kama ananipeleka kwao, na kwamba ningependa iwe kabla ya Krismasi. Alifikiri, akasema hapana, si kabla ya Krismasi: kuna ada ya mdogo wake, kuna hilo deni, na hataki kufika mbele ya wazee wake na jambo asiloweza kulibeba. Lilikuwa jibu la kweli na liliniuma. Ukiomba kwa uaminifu ni lazima uache nafasi ya kukataliwa, vinginevyo hukuomba, umeagiza. Hilo huwa nalifundisha darasani kwa chaki, lakini sikuwa nimewahi kulionja.

Nilimjibu kwamba nitasubiri mpaka mwezi wa sita, na kwamba ukifika nitauliza tena, waziwazi, bila kununa kabla wala baada. Nilimwambia pia kwamba sijui kama nitaweza kusubiri zaidi ya hapo, kwa sababu hiyo nayo ilikuwa kweli.

"Uliza," alisema. Kisha akanipa mkono, maana upande wa kushukia jiwe lilikuwa linateleza.