Filamu imesifiwa na wote, mbona imekuacha njia panda?

Kabla ya kuilaumu filamu, itazame upya ile asilimia iliyokuvuta. Kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki wa filamu, 95% si alama 95 kwa 100. Maana yake ni kwamba wahakiki 95 katika kila 100 wameikubali, hata kama wengi wao waliona "si mbaya" tu. Metacritic, tovuti nyingine ya aina hiyo, hupiga wastani wa alama zenyewe, ndiyo maana filamu hiyohiyo huweza kushuka huko hadi 70 na ushei. Namba hizo mbili zikiachana sana, mara nyingi filamu inapendwa na wengi, lakini kwa uvuguvugu.

Halafu kuna runinga yenyewe, na hapa filamu nyingi huonewa bure. Filamu kwa kawaida huwa na picha 24 kwa sekunde. Runinga nyingi mpya hupachika picha za kubuni katikati ili mwendo uwe laini, na kazi ya mamilioni ikaonekana kama tamthilia ya mchana. Zima kitu hicho kwenye mipangilio ya picha. Sauti nayo: katika mfumo wa 5.1, yaani spika tano na moja ya besi, mazungumzo hupita zaidi spika ya katikati. Yakibanwa kwenye spika mbili ndogo, muziki huyameza, na mhusika uliyemwona baridi kumbe hukumsikia. Chagua sauti ya stereo, ile ya spika mbili, au washa maandishi ya chini.

Bado moyo hautulii? Rudia dakika 20 za mwisho peke yake, siku mbili baadaye. Ukichoka tena palepale, tatizo ni hadithi, si wewe.